Kipande Namba Saba

Jumatatu asubuhi, juu ya meza ya jikoni, kati ya kopo la sukari na chupa ya chai, Masjala aliikuta barua ya tatu ya mke wake. Aliitambua kabla ya kuigusa, kwa sababu ilikuwa ndani ya bahasha, na mke wake hakuwa mtu wa kuharibu bahasha kwa habari za gesi kuisha. Akavaa miwani, akaifungua kwa kisu cha mkate, akaisoma akiwa amesimama.

"Rejea barua zangu mbili ambazo hujazijibu. Nisipopata jibu ifikapo Jumamosi saa nne asubuhi, nakwenda kwa dada yangu, na safari hii siendi kusalimia. Teksi nimeshaiagiza. Chakula chako cha mchana kimo kwenye sufuria ya bluu."

Aliisoma mara mbili. Kisha akaenda nayo chumba cha mbele, kwenye meza yake, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaandika tarehe kwa penseli, akaifunga kwa kamba kwenye jalada lililoandikwa MAMBO YANAYOSUBIRI. Halafu akarudi jikoni kuangalia sufuria ya bluu.

Cheka ukitaka. Mtaa mzima umeshacheka. Huyu bwana alikaa masjala miaka thelathini na minne, akipokea karatasi za watu, akizipa namba, akizipanga kwenye majalada, mpaka watu wakaacha kumwita kwa jina lake wakamwita kwa jina la chumba. Alipostaafu walimpa cheti, saa ya ukutani na ule muhuri, ambao kwa kweli hawakumpa, ila hakuna aliyeuulizia. Mke wake alikuwa mkunga wa wodi ya wazazi, na mpaka leo anaitwa Mkunga, hata na watu wazima wenye ndevu zao aliowapokea yeye mwenyewe. Sasa wote wawili walikuwa wamestaafu, wako nyumbani, kutwa nzima, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Wiki tisa nyuma walikuwa wanakunywa chai. Mkunga aliweka kikombe chini akauliza, "Hebu niambie, mzee. Tangu ustaafu, unanihitaji mimi, au unahitaji tu mtu wa kuwepo humu ndani?"

Masjala alikuwa anasoma gazeti. Hakuinua macho. Mdomo wake, uliofundishwa kazi miaka thelathini na minne, ukajibu wenyewe: "Lete kwa maandishi."

Naapa hakukusudia. Lilimtoka kama kwikwi. Lakini Mkunga aliinuka. Aliosha kikombe chake, akakifuta, akakipanga kabatini, na kabla ya adhuhuri swali lilikuwa mezani kwa mumewe, kwa maandishi, na sahihi chini. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena. Kama maneno ya mdomo hayapokelewi, basi hayapokelewi. Nyumba ikawa inaendeshwa kwa vijikaratasi vya penseli: gesi imeisha, bomba la nyuma linavuja, binti yetu amepiga simu anakusalimia.

Masjala alitaka kujibu, hilo lieleweke. Jioni ile ile alichukua kalamu yake ya wino, akaandika "Re", na kalamu ikakata roho kabla ya kufika "jea". Ilikuwa nyeusi, yenye pete ya dhahabu kifunikoni, na Mkunga ndiye aliyempa wiki aliyoajiriwa, kabla hata hawajaoana. Kwa kalamu hiyo alitia sahihi cheti cha ndoa. Kwa kalamu hiyo alijibu kila barua iliyostahili kujibiwa. Penseli ilikuwa ya rasimu na habari za jikoni. Na peni za dukani, hizi za kutupa, alikuwa amezikataa dirishani kwake maelfu ya mara, akiwarudisha watu na fomu zao: wino wa peni unafifia, nenda kaandike upya. Mkunga alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Angemjibu kwa peni, angekuwa anamwambia kwamba jibu lenyewe ni la kufifia.

Binti yao alipiga simu Jumatatu hiyo hiyo mchana. Alikuwa ameshasikia habari za teksi.

"Baba, si ufungue mdomo tu umjibu mama?"

"Swali liliwasilishwa kwa maandishi, mwanangu."

"Baba!"

"Jibu la mdomo halina kumbukumbu. Kesho mtu anakana."

"Nani atakana? Mama?"

"Mtu."

"Basi andika kwa peni, yaishe."

Masjala alisogeza simu mbali na sikio kama imemtemea mate. Akasema kuna mtu mlangoni, ingawa hakukuwa na mtu mlangoni, akakata.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuwaogopa wakaguzi. Kalamu mbovu ilikuwa imempa wiki tisa za kutojibu, na katika wiki hizo tisa alikuwa amegundua kwamba nyumba isiyo na sauti ya yule mwanamke ni nyumba ambayo hawezi kukaa ndani yake. Jambo kama hilo angeliandikaje? Liende chini ya kichwa gani cha habari?

Jumanne akapiga moyo konde. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akafungua jalada jipya, MATENGENEZO YA KALAMU, akaanza. Kalamu ya namna ile ina kishikio chembamba cha chuma ubavuni. Ukikiinua, kibapa kilichomo ndani kinakandamiza kifuko cha mpira. Ukikiachia, kifuko kinavimba na kunyonya wino. Kifuko ndicho kilichokuwa kimekufa. Alitumbukiza nibu, ile ncha ya kuandikia, kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, na wino wa zamani ukatoka taratibu, wa bluu, mpaka glasi nzima ikageuka rangi. Kutenganisha nibu na mwili wa kalamu kulihitaji joto kavu la kulegeza gundi, na joto kavu nyumba ile lilikuwa mali ya Mkunga. Akaandika kwa penseli:

"Naomba kuazimwa draya ya nywele."

Jibu lilikuja baada ya robo saa. "Ya nini? Nywele huna."

"Kwa matumizi ya kikazi."

Draya iliwekwa mezani na kijikaratasi kimebandikwa kwenye mpini: "Irudi na waya wake."

Alipuliza kalamu kwa joto, akahesabu, akavuta. Haikutoka. Akapuliza tena, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamsimama na kijasho chembamba kikamtoka. Mkunga alikuwa anapita na ufagio. Akasimama. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuwakataza watu kufanya kitu kile kile alichokuwa anakitazama. Alivumilia kadiri alivyoweza, kisha akaegemeza ufagio ukutani, akachukua penseli ya mumewe kutoka nyuma ya sikio lake, akaandika pembeni ya gazeti: "Usivute. Zungusha polepole, pumzika, zungusha tena." Akairudisha penseli sikioni, akaendelea kufagia.

Masjala akazungusha, akapumzika, akazungusha tena. Ikatoka yenyewe.

Ndani, kifuko kilikuwa kimekauka na kuvunjikavunjika kama maganda ya kitunguu. Alivikung'uta vipande, akakwangua mabaki, na kila kitu kilichotoka kwenye kalamu kikapewa namba na bahasha yake. Kifuniko kilikuwa namba moja. Kibapa, kijichuma chembamba kisichofika urefu wa kidole, kilikuwa namba saba. Hapo akasita. Bahasha nyingine zote ziliingia kwenye jalada la matengenezo bila matata, lakini kibapa, ukikitazama kwa jicho la masjala, hakikuwa na kosa lolote. Hakikuhitaji matengenezo. Kilikuwa kinasubiri tu mpira. Na kitu kinachosubiri kina jalada lake. Akalifungua lile jalada jingine kidogo tu, kwa upande, uso ameugeuzia dirishani asije akaiona barua ya mkewe, akaichomeka bahasha ndani, akalifunga haraka. Kazi safi, kwa kanuni zote. Siku zote alijisifu kwamba masjala yake haijawahi kupoteza karatasi hata moja, na ni kweli. Nyingi hazikuonekana tena, lakini hilo ni jambo jingine.

Jumatano alikwenda kwa fundi saa, mwenye kibanda kando ya posta. Fundi alivuta boksi la bati chini ya kiti, akapekuapekua.

"Una bahati, mzee wangu. Vifuko vimebaki viwili. Ina haraka?"

"Jumamosi saa nne asubuhi."

"Kuna nini Jumamosi?"

"Mwisho wa kuwasilisha."

Fundi alimtazama, akaona asiendelee kuuliza. Akamwambia gundi ya kazi ile hana, lakini rangi ya kucha inashika, ile ya maji isiyo na rangi. Na asisahau poda, mpira usigande ndani.

Basi Alhamisi Mkunga akapokea ombi la rangi ya kucha na poda. Alilisoma akiwa amesimama karibu na sinki. Akaandika chini yake, "Sasa na mimi nianze kuuliza maswali?", lakini alivileta. Masjala alikata kifuko kwa urefu wake, akapaka rangi ya kucha kwenye shingo ya plastiki inayoshika nibu, akajaribu kuuvisha mpira. Kazi hiyo inataka mikono mitatu: mmoja wa kushika shingo, na miwili ya kuupanua mdomo wa kifuko. Mara ya kwanza kikaruka kikaangukia kapeti. Mara ya pili kikamgandia kidoleni. Mara ya tatu Mkunga, aliyekuwa anatazama, aliondoka chumbani, na Masjala akadhani amekwenda kucheka. Akarudi na koleo yake ndogo ya hospitali, akavuta kiti, akaupanua mdomo wa kifuko kwa mkono ambao haukutikisika hata kidogo, akasubiri. Masjala akaingiza shingo. Kikakaa.

Vidole vyao viligusana hapo, na vikabaki vimegusana wakati rangi inashika, maana ilibidi mtu ashikilie. Labda dakika moja. Masjala alisikia joto likimpanda mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na neno mdomoni, zima, limeiva, akalimeza na mate. Mkunga akafuta koleo, akaondoka.

Ijumaa rangi ya kucha ilikuwa imekauka. Alipaka poda, akaingiza kifuko mwilini mwa kalamu, akazungusha mpaka mwisho, akatumbukiza nibu kwenye chupa ya wino, akainua kishikio. Kikainuka bila uzito wowote, kikachezacheza kama jino bovu. Aliachia. Hakuna kilichonyonywa. Alifungua akaunganisha tena, na tena, na mara ya tatu ndipo alipokaa chini akakumbuka kwamba kishikio peke yake hakikandamizi kitu. Kibapa hakikuwemo.

Alizipanga bahasha zote mezani. Moja mpaka sita zilikuwepo, na nane ilikuwepo. Alitafuta kwenye droo, chini ya kapeti, kwenye pipa la taka la jikoni, ndani ya viatu, hata kwenye kopo la sukari. Kwenye jalada moja tu hakutafuta, kwa sababu lile hakuwa analifungua kwa macho yote mawili, na kitu unachokiogopa huwezi hata kukikumbuka vizuri. Saa kumi jioni akabandika tangazo mlangoni pa jikoni:

"Kipande namba saba hakionekani. Aliyekiona atoe taarifa."

Nyumba ilikuwa na watu wawili.

Mkunga aliandika chini: "Umeangalia kila mahali?"

"Kila mahali."

Akakaa pale mezani, ameshika tama, kalamu iko mbele yake nzima kwa nje na tupu kwa ndani. Kutoka chumbani alisikia zipu ya sanduku ikifunguliwa, na hangaa za kabatini zikigongana moja baada ya nyingine. Chozi likamtoka. Akalifuta kwa kitambaa cha kufutia kalamu, na shavu likabaki na doa la bluu ambalo hakulijua mpaka kesho yake.

Jumamosi saa tatu asubuhi, kati ya kopo la sukari na chupa ya chai, palikuwa na bahasha ndogo yenye namba saba. Chini yake, kijikaratasi: "Hiki kilikuwa juu ya barua yangu."

Masjala alikwenda chumba cha mbele akalifungua lile jalada, safari hii kwa macho yote mawili. Barua zote tatu zilikuwepo. Lakini kamba haikuwa na fundo lake. Lilikuwa fundo dogo, la kukaza mara mbili, lile la kufungia kitovu. Akaelewa. Mkunga alikuwa amekuja kuchukua barua zake, aondoke nazo, asiache deni la swali lake katika nyumba isiyojibu. Alizifungua, kisha akazirudisha. Na katikati ya kuzifungua na kuzirudisha alikuwa ameona zilizokuwa chini yake: rasimu kumi na moja za penseli, kila moja ikianza "Rejea barua yako" na kuishia hapo hapo. Isipokuwa ya tisa. Ya tisa ilikuwa na "Mke wangu", na mkato, na halafu karatasi nyeupe mpaka chini.

Masikio yakamwaka moto. Halafu akaitazama saa ya ukutani.

Alifungua kalamu, akazungusha, hakuvuta. Akakiteremsha kibapa ndani kwa koleo iliyokuwa bado mezani, akakilaza chini ya kishikio, akarudisha kifuko, akaunganisha. Akatumbukiza nibu kwenye wino, akainua kishikio. Safari hii kilikuwa na uzito. Akakiachia, akahesabu mpaka kumi, na viputo vikapanda kwenye chupa kimoja kimoja. Akafuta nibu, akajaribu mstari kwenye pembe ya gazeti. Mstari ukatoka mweusi wa bluu, mzito, bila kukatika, kama siku aliyopewa.

Sasa kalamu ilikuwa haina kosa, na yeye hakuwa na pa kujificha.

Honi ya teksi ililia saa nne kasoro dakika tano. Magurudumu ya sanduku yakasikika kwenye korido, yakasimama. Masjala akavuta karatasi nzuri, akaandika tarehe. Hakuandika rasimu. Akaandika, akatia sahihi, ile ndefu yenye mkia, akaweka kalamu chini. Alipoinua kichwa, Mkunga alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, amevaa kiremba cha safari, mkono mmoja kwenye sanduku, mwingine ameunyoosha kuipokea barua.

"Subiri," alisema Masjala. "Haijakauka."

Wiki tisa. Sauti yake ya kusema na mkewe ilimshtua, ilikuwa imepata kutu. Mkunga hakuurudisha mkono. Lakini alikuwa mtu aliyesoma kadi za wagonjwa kichwa chini miguu juu, kutoka upande wa pili wa meza za madaktari, maisha yake yote. Akainama kidogo, akasoma bila kuigusa karatasi.

"Yah: SWALI LAKO.
1. Rejea barua zako tatu.
2. Ni wewe.
3. Maelezo yatafuata kwa mdomo."

Akasoma tena. Honi ikalia mara ya pili, ndefu zaidi.

"Una wino shavuni," alisema Mkunga.

"Wa jana."

"Inachukua muda gani kukauka?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Hali ya hewa," alisema Masjala, akatazama dirishani, ambako jua lilikuwa linawaka mpaka mabati ya jirani yanalia.

Karatasi ya kukaushia wino ilikuwa kwenye droo ya juu, palepale ilipokaa siku zote. Mkunga ndiye aliyeinunua. Katika miaka thelathini na minne hakuna barua iliyowahi kutoka mkononi mwa Masjala bila kukandamizwa kwa karatasi ile, na wote wawili walikuwa wamesimama umbali wa mkono kutoka kwenye droo. Hakuna aliyeifungua.

Mkunga aliachia sanduku, akavuta kile kiti cha Alhamisi, akakaa.

"Kipengele cha tatu," alisema. "Nasikiliza."

Masjala akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Akaanza na kipande namba saba na kwa nini alikuwa amekiweka pale, kwa kuwa hicho alikuwa na uhakika nacho, na nje dereva akazima injini.